Maslaha ya Mkono wa Dada

Dada yangu hasemi wala hatembei. Mhudumu wa kituo cha serikali cha watu wenye ulemavu, hapa Garissa, alimvunja mkono. Nilipomuuliza afisa wa kituo atamchukulia hatua gani, akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, hayo ni ya wazee. Kaeni maslaha, mpatane kimila." Serikali nzima, na bendera yake, inawasukumia kesi wazee wa koo mbili, yetu na ya mhudumu!

Wazee wakaja kwetu Galbet, wakanywa chai, wakakubaliana fidia ya ngamia, wakaomba dua. Afisa aliitikia amin kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi sikuhisi chochote.

Jumatatu nilimrudisha dada, kwa kuwa hakuna kituo kingine. Aliyetufungulia mlango ni mhudumu yule yule. Dada akajifunika kichwa kwa ule mkono uliobaki mzima.