Meja Kiambatisho

Kambini walimwita Meja Kiambatisho, na si kwa mapenzi. Ndiye aliyeshika funguo za bohari ya mafuta, na kwake hata lita moja haikutoka mpaka fomu iwe na viambatisho vyake vyote. Aliwahi kumrudisha brigedia aliyekuwa anawahi msibani, kisa mhuri. Mkewe alikuwa akisema huyu bwana akifa atachelewa kuzikwa, maana atadai kwanza kibali cha kaburi.

Basi Jumanne asubuhi akaingia kanali wa makao makuu na karatasi moja mkononi: amri ya kujaza mafuta malori yote. Rais ameamuru kwamba Ijumaa jeshi livuke mpaka. Sababu? Rais wa nchi jirani alimcheka mkutanoni mbele za watu. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, lakini safari hii fahali wenyewe wangebaki ikulu wakinywa chai.

Meja akavaa miwani, akasoma, akageuza karatasi akatazama nyuma.

"Afande, azimio la Bunge liko wapi?"

"Azimio la nini? Hiyo ni amri ya Amiri Jeshi Mkuu!"

"Naiona, na sahihi imependeza. Lakini Katiba inataka Bunge liidhinishe vita kwanza. Kiambatisho hakipo."

"Meja, unaleta mambo ya dizeli ya jenereta kwenye vita?"

"Dizeli ya jenereta nilikurudisha mara mbili, afande. Hii itakuwaje rahisi kuliko ile?"

Msimwone shujaa. Alibakiza miezi minne astaafu, na nyumba aliyolala ilikuwa ya jeshi. Ila kila mwaka maofisa walipokula kiapo wakimung'unya haraka wawahi soda, yeye ndiye aliyekuwa akihakiki kadi za kiapo kabla hazijachapwa. Alijua neno kwa neno walichoapa kuilinda: Katiba. Jina la rais halikuwemo.

Akaandika kwa wino mwekundu: "Irudishwe. Haina idhini ya Bunge." Akagonga mhuri.

"Jeuri yako itakuponza," kanali akasema, na kweli ikamponza. Alhamisi wakamvua cheo wakampa siku mbili ahame. Lakini karatasi yenye mhuri haitupwi jeshini. Ilipanda ngazi kwa ngazi, na kila mkubwa aliyeuona ule wino mwekundu alikumbuka ghafla kwamba ana homa. Hakuna aliyetaka sahihi yake ikae chini ya maneno yale. Ijumaa ikapita, malori yamepoa, matangi matupu.

Jumamosi Meja na mkewe wakafika getini na vyombo vyao. Zamu ilikuwa ya sajini mmoja aliyekuwa amepangiwa lori la kwanza kuvuka mpaka Ijumaa ile. Alimpigia saluti mtu asiye na nyota hata moja.

"Pita tu, afande."

"Pita tu ndiyo nini?" Meja akamnyooshea fomu ya kutoa vyombo. "Soma kwanza."

Mkewe, ambaye kawaida angemkaripia, safari hii akashusha vyombo chini asubiri. Sajini akasoma kiambatisho kimoja kimoja kwa sauti, machozi yakimtoka, na hakuruka hata mstari.