Kiti cha Damas

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mwenyewe, hapa Gisenyi, saa za kazi, akili zangu timamu na pombe sijaonja. Tena mimi si mtu wa mizimu. Nimekulia Karagwe, nikarudi Rwanda na wazazi wangu, na kazi yangu hadi leo ni kuitunza kompyuta kuu ya kampuni moja ya bima ambayo sitaitaja. Ni mashine ya zamani, imekaa chumba cha nyuma ikinguruma mchana kutwa, na pale kazini kila mtu anaiita Muzee.

Nieleze kidogo, usije ukapotea njiani. Karani akitaka kufanya kazi na Muzee hufungua terminali. Zamani terminali ilikuwa mashine ya kushika kwa mkono. Siku hizi haionekani, ni kama kiti tu ndani ya tumbo la Muzee, na viti hivyo vina idadi yake. Vikijaa, anayekuja nyuma anabaki nje akitukana. Na makarani wetu, Mungu awasamehe, hupenda kwenda kula na kuacha viti wazi, hawajavifunga. Dawa yake ni kuweka kikomo cha ukimya: mtu asipogusa kitu kwa robo saa, Muzee anamtoa.

Nao hawakukosa ujanja. Waliokota vijiwe vyeusi vya volkano, ambavyo huku kwetu vimejaa tele, wakaviweka juu ya kitufe ili Muzee adhani mtu yupo. Aliyewafundisha ni Damas.

Damas alikuwa karani wa tawi letu la Goma, ng'ambo ya mpaka. Mkewe, Vestine, alikuwa karani wa hapa, na nyumba yao ilikuwa Rugerero. Kila jioni Vestine alimaliza kwanza, akamwandikia mumewe kupitia terminali: "Nimefunga." Naye akajibu: "Ningojee." Basi Vestine alisimama karibu na barrière, kizuizi cha mpakani, mpaka mumewe avuke, wakarudi nyumbani pamoja wakibishana njia nzima. Tuliwatania sana. Ndoa gani hii inayopita ndani ya kompyuta kuu?

Halafu mabomu yakaanguka Goma. Siku hiyo Damas alikuwa njiani kuja mpakani, ukuta ukamwangukia. Wenzake waliuona mwili wake, hilo halina shaka. Lakini wafu walikuwa wengi, wakazikwa kwa haraka pamoja, na hakuna awezaye kukuonyesha amelala upande gani.

Vestine hakukubali. Tulikaa msibani kwake, tukaimba, tukasali. Sasa kwetu Rwanda kilio hakifungwi mpaka watu wanawe mikono pamoja, tunaita gukaraba. Siku ilipofika, beseni likaletwa, maji yakamiminwa. Vestine akasimama, akalibeba lile beseni, akaenda kumwaga maji kwenye migomba.

"Munakaraba ya nani?" alituuliza. "Damas hajafika."

Tulirudi makwetu na mikono yetu vile vile.

Tawi la Goma likafungwa kwa kufuli, umeme ukakatwa. Lakini ndani ya Muzee, kiti cha Damas kilibaki wazi. Mkurugenzi akaniita. Kuna karani mpya, akasema, hana kiti, na pale kuna kiti cha mtu aliyekufa. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Kikomo cha ukimya nilikuwa nimekiondoa tangu wanishinde kwa vijiwe; sasa nikakirudisha kwa viti vyote. Kesho yake makarani wote, waliokuwa wameshasahau vijiwe vyao, walinilalamikia kwamba wametupwa nje wakiwa mezani wanakula. Lakini kiti cha Damas kilikuwa bado wazi, na Muzee anasema kimeguswa dakika chache zilizopita.

Niliwaza jiwe. Ndiyo, niliwaza kuna jiwe limebaki juu ya kitufe kule Goma. Lakini niamini, jiwe haliwashi umeme. Nikaanza kuandika amri ya kukikata mwenyewe, na Vestine akawa amesimama nyuma yangu.

"Kaka, usimukate. Tafazali," alisema. "Kama iko mule, basi iko."

Ungefanya nini wewe? Nilimwambia mkurugenzi kwamba Muzee anaumwa.

Wiki hiyo hiyo nilitumwa mjini, alasiri, mvua kubwa ikanikamata karibu na mpaka. Nikakimbilia kwenye baraza la duka lililofungwa. Kulikuwa na mwanamume mmoja pale. Nikamsalimu kama unavyomsalimu mtu mliyekimbia naye mvua, na yeye hakunipa kiganja, alininyooshea mkono karibu na kiwiko, kama tufanyavyo mikono ikiwa michafu. Nikaushika. Ulikuwa baridi hata nikataka kuuachia, lakini nilikuwa nimeshamtazama usoni.

Alikuwa Damas.

Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi la ukuta, na bega lake la kushoto vivyo hivyo. Upepo ulikuwa unatupiga mvua sote wawili. Mimi nililowa chepechepe. Lile vumbi halikulowa.

"Ndugu yangu, we ndiye unashika Muzee," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka safari ndefu. "Niko nachoka."

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa duka.

"Bibi yangu ananiitaka. Kila mara, 'Uko?' Bon, nikisimama tu niende, ananiita tena, na saa inaanza upya. Ninakaa. Nitaenda siku gani?"

"Nikukate?" nilimuuliza. Sijui hata neno lile lilitoka wapi.

"Hapana, si we. We ukikata, atanitafuta kwingine. Yeye mwenyewe aache." Akaangalia njia ya mpakani. "Umuambie sijamukasirikia. Nachoka tu."

Akashuka barazani, akaingia kwenye mvua. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Nikalia, tena nalia kwa sauti mchana kweupe, mtu mzima mwenye tai shingoni.

Nilirudi kazini nikakaa mbele ya Muzee. Na kweli ilikuwa vile. Tangu asubuhi mpaka Muzee anapoacha kuhesabu usiku, Vestine alikuwa akituma neno moja kwenye kiti cha mumewe: "Uko?" Na Muzee, kila neno lilipofika, alihesabu kwamba kiti kimeguswa, akaanza kuhesabu ukimya upya. Mimi niliyeweka kikomo hicho sikulijua hilo. Nimeambiwa na nani? Jibu unalo.

Nilimwendea Vestine mezani kwake, wenzetu wakiwa wameondoka. Nikamweleza yote, mkono, vumbi, mvua. Nilidhani atanipiga. Aliuliza jambo moja tu.

"Vumbi ilikuwa ku bega gani?"

"La kushoto."

Akajifunika uso kwa kitenge. Waliouona mwili walimwambia yeye peke yake kwamba ukuta ulimpiga bega la kushoto. Kwetu sote alikuwa amekataa kulitamka.

"Mi nilifikiri namusaidia," alisema. "Nilifikiri asibaki peke yake kule. Sasa nikiacha, ataenda wapi?"

"Sijui, dada yangu. Lakini amechoka."

Alilia muda mrefu, nami sikumnyamazisha, maana kilio kile kilikuwa kimecheleweshwa mno. Kisha akavuta kiti, akaandika: "Nimefunga." Akaondoa mikono, akaiweka mapajani, akaikamata mmoja kwa mwingine kama anazuia watoto wawili wasigombane. Tukakaa. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko msiba wote. Mara moja mkono wake uliinuka, nikadhani atamwita tena. Ukarudi chini.

Karibu na mwisho, neno likaingia kwenye kioo chake. Tulilisoma sote wawili. Kwenye tawi la Goma hakukuwa na umeme wala mtu.

"Usiningojee."

Kisha kiti kikafungika chenyewe.

Jumapili tulikwenda Rugerero. Vestine mwenyewe ndiye aliyebeba jagi, akatumiminia maji mmoja mmoja, na alipofika kwangu akaniambia "Asante, kaka," basi. Hajawahi kulitaja tena. Siku hizi akimaliza kazi hupita barrière bila kusimama. Ninapomwona, roho inaniuma kila mara.

Nami nimebaki na langu. Kiganja hiki cha kulia, kilichoushika mkono ule, hakijapata joto mpaka leo. Nimeenda hospitali, wanasema sina ugonjwa. Binti yangu mdogo nikimshika shavu anaruka.

Najua mko wengi mnaowaandikia wafu wenu kwenye simu usiku. "Uko?" "Umelala?" Siwacheki, hata kidogo. Mlilie mtu wako, mlilie kwa sauti, hakuna atakayekulaumu. Lakini usimwite-ite. Pengine amesimama mlangoni, safari yake iko mbele, na ni wewe unayemrudisha kuketi. Mwambie umefunga, kisha unawe mikono.