Likizo ya Lorine

Ayuma alizaliwa Kaloleni, akalelewa Kaloleni, na kama mambo yangekwenda alivyotaka, mwaka jana angehama Kaloleni akaishi Kayole katika nyumba ya vyumba viwili na mwanamume aitwaye Tobias. Hakuhama. Bado yuko pale pale barazani, nyuma ya cherehani, anashona sare za shule. Ukipita asubuhi utamkuta amepinda mgongo, pini zimemjaa mdomoni, na ukimsalimu atakuinulia nyusi tu. Watu wa mtaa husema ana maringo. Hana maringo. Ana baba.

Baba yake ni Mwalimu Kweyu, aliyefundisha shule ya msingi hapo mtaani mpaka akastaafu. Hata leo akikohoa, wazee waliopita mikononi mwake, sasa wana wajukuu, huficha sigara. Ugonjwa wa sukari ulimla mguu mmoja, kisha ukamla macho yote mawili. Mkewe alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo Ayuma ndiye anayemwogesha, ndiye anayemdunga sindano zake, ndiye anayempikia uji wa wimbi, na ndiye anayetukanwa uji ukiwa moto na kutukanwa tena ukipoa. Mzee hajawahi kumpa binti huyu neno zuri. Ayuma aliacha shule kidato cha pili, mama alipougua, ili amuuguze. Hiyo sababu mzee aliisahau zamani, akabaki na kosa. Wageni wakija humtambulisha hivi: "Huyu ni yule wa cherehani."

Mtoto wa kutajwa ni Lorine, kifungua mimba, aliyesoma hadi chuo kikuu na kwenda Thailand kufundisha Kiingereza katika shule ya serikali, kwenye mji mdogo ambao hakuna mtu wa Kaloleni anayeweza kulitamka jina lake. Mwalimu Kweyu anajaribu. Humwambia kila anayeketi karibu naye kwamba watoto wa Thailand wanazungumza Kiingereza kilichotoka kinywani mwake, kikapita kwa Lorine, kikawafikia. Hapo uso wake huwa mzuri. Ayuma akiuona uso huo huona uchungu, kwa sababu anajua kwamba mzee anaweza kupenda. Si kwamba hana upendo. Anao, ila umekwisha kugawanywa.

Tobias alikuwa fundi wa makochi kule Jogoo Road. Alianza kwa kumletea Ayuma vitambaa vya mito ya makochi amshonee, kisha akawa analeta vitambaa ambavyo hata havikuhitaji kushonwa. Mtu mpole, mwenye vumbi la mbao masikioni. Alimsalimu Mwalimu Kweyu kila alipokuja na hakujibiwa hata mara moja, na kila alipokuja akasalimu tena. Mwanzoni mwa mwaka walikubaliana. Wajomba wa Tobias wangekuja mwezi wa nne kuanza mazungumzo ya mahari.

"Waje," mzee akasema. "Lakini Lorine lazima awepo. Mwezi wa nne shule hufungwa. Atakuja."

"Na asipopata nafasi, Baba?"

"Nitaketi na nani mbele ya wakwe? Na wewe? Wewe ndiwe bidhaa. Nyamaza."

Ayuma akamwandikia dada yake. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na alilisikiliza akiwa bafuni ili mzee asisikie.

"Ayu, skiza," Lorine alisema. "Shule imefungwa, wanafunzi wote wako kwao. Lakini sisi walimu wa kutoka nje lazima tuingie kila siku. Unaweka sahihi asubuhi, unakaa chini ya feni mpaka jioni, unaweka sahihi tena, unaenda. Hakuna mtu. Ni mimi na mzee wa kufagia majani. Likizo yangu mwenyewe ni siku kidogo tu, na nimeziweka za mwisho wa mwaka ndio nifike huko. Mweleze Baba pole pole. Mimi nikimwambia atalia, na akilia siwezi."

Ayuma alimweleza. Alichagua wakati mzee ameshiba, akaongea pole pole kama alivyoombwa, na mzee akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Mwalimu anaketi katika shule tupu? Anafundisha madawati?" Akajifuta macho yasiyoona. "Nimekula chaki maisha yangu yote. Shule ikifungwa, mwalimu anafunga kabati, anaenda kwao kupalilia mahindi. Hata mkoloni hakutuketisha katika shule tupu. Nani amekutungia hadithi hiyo?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na ningependa kusema kwamba mzee alikuwa mjinga, lakini hakuwa. Kila alichokijua kilikuwa kweli hapa kwetu. Aliichukua kalenda ya shule za Kenya akaivika dunia nzima, na isipoitosha akasema dunia inadanganya. Zaidi ya hayo, Lorine mwenyewe alimpigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili akamwambia kitu kile kile: "Nakuja, Baba. Nikipata tu ruhusa, nakuja." Habari ya shule tupu haikutoka kinywani mwake hata siku moja. Ilitoka kinywani mwa Ayuma tu.

"Mwambie wewe mwenyewe," Ayuma alimsihi dada yake. "Mimi haniamini."

"Ayu, usiniweke hapo bana. Mzee ni mgonjwa. Wewe ndiye umemzoea."

Kumzoea! Kana kwamba matusi ni chumvi, ukila sana hayakuumi tena.

Mzee akawaambia wajomba wa Tobias waje Agosti. Ayuma akamwambia kwamba huko Thailand mwezi wa Agosti wanafunzi wako darasani. Alilisema hilo akiwa amemshika mkono akimtoa msalani, na mzee akausukuma mkono huo.

"Mwezi wa nne shule zimefungwa lakini anaingia. Agosti watu wote wako likizo, kwake ndiyo ziko wazi. Wewe msichana, unanichezea kwa sababu sioni?"

"Baba, huko ni nchi nyingine."

"Mwalimu ni mwalimu popote."

Agosti ikapita bila Lorine, na mazungumzo yakaahirishwa tena. Tobias hakulalamika. Alikuja akaketi kwenye ngazi ya baraza, akamwambia, "Mimi sina haraka, Ayu. Ni wazee wangu ndio wameanza kuuliza kuna shida gani." Ayuma alimpenda sana siku hiyo, na akaogopa sana. Hakuwa na kitu kingine maishani cha kuogopea. Cherehani, mzee, na huyo mtu mwenye vumbi masikioni ambaye kwake yeye hakuwa yule wa cherehani.

Oktoba ikaja na Mama Nzisa, jirani wa mlango wa pili, mama mwema asiyeweza kukaa na habari. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba shule za Thailand zimefungwa mwezi huo, akaja mbio kumpongeza Mwalimu. Mzee akasimama kwa mguu wake mmoja kwa furaha. Hakutaka kusikia kitu kingine. Aliagiza wajomba waitwe Jumamosi, na Ayuma alipofungua mdomo kusema kwamba shule kweli zimefungwa lakini walimu wa kutoka nje bado wanaingia, alimwinulia fimbo.

"Nimemwambia Lorine namngoja. Amesema anakuja."

"Amesema akipata ruhusa, Baba."

"Ruhusa ya nani? Yako?"

Jumamosi Ayuma aliamka akapika kuku wawili, akafagia, akamvisha mzee koti na tai. Moyo wake ulikuwa unamwambia afute siku hiyo, awapigie wajomba simu, aseme mzee amezidiwa. Hakufanya hivyo. Alikuwa na tumaini la kijinga kwamba mzee, akishawasikia watu wazima wamekuja kumwomba binti yake, ataona haya, ataendelea tu. Wakaja wajomba watatu na Tobias, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Wakakaribishwa. Wakaomba Mungu. Chakula kikawekwa mezani.

"Binti yangu mkubwa yuko wapi?" mzee akauliza.

Ayuma alikuwa amesimama na birika la kunawia. "Hakuja, Baba. Nilikueleza. Shule imefungwa lakini lazima aingie kila siku."

Mjomba mmoja akakunja uso, kwa sababu hata yeye maneno hayo hayakumwingia. Mzee akatabasamu. Ni tabasamu alilokuwa nalo zamani darasani, akishamkamata mtoto aliyenakili kazi ya mwenzake.

"Mpigie. Weka sauti juu, wageni wasikie."

Ayuma akapiga. Lorine akashika mara moja. Alisikika vizuri, kama yuko chumba cha pili.

"Lorine," mzee akasema, "jibu ninachokuuliza. Shule huko zimefungwa, au hazijafungwa?"

"Zimefungwa, Baba. Lakini..."

"Wanafunzi wako shuleni?"

"Hapana, wameenda kwao. Ila, Baba, sisi..."

"Inatosha." Akanyoosha mkono kuelekea sauti ilikotoka, akaipapasa simu, akaibonyeza mpaka ikazimika. Kisha akawageukia wageni, akakosea kidogo mahali walipoketi, akawa anauambia ukuta. "Mmesikia wenyewe. Huyu ndiye anayeniandikia na kunisomea. Mwaka mzima anamzuia dada yake asije kuniona, kwa wivu, halafu ananiletea hadithi za shule tupu. Mtu anayemdanganya baba yake kipofu atawafanyia nini nyinyi? Mimi ni mwalimu, sitawauzia kitabu kilichokosa kurasa."

Ayuma alimtazama Tobias, na Tobias alikuwa anatazama magoti yake. Angeinua macho tu! Mjomba mkubwa akasimama, akasema, "Mwalimu, tumesikia," wakatoka mmoja mmoja, na wale kuku wakabaki kwenye sinia hawajaguswa. Mzee akaomba paja. Ayuma akampa paja, akamtolea mifupa ili asijichome, kama siku zote.

Jioni Lorine aliandika kuuliza Baba alikuwa anataka nini. Ayuma aliandika: "Hakuna." Hakuwa na nguvu ya kueleza, na alikuwa amechoka kumbembeleza mtu mwenye kinywa chake mwenyewe.

Tobias alikuja siku mbili baadaye, akasimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini mjomba anasema baba mzazi hawezi kumwita mtoto wake mwongo mbele ya watu kama si kweli."

"Na wewe wasemaje?"

"Sijui, Ayu."

Hilo neno ndilo lililommaliza. Matusi ya mzee alikuwa na mahali pa kuyaweka, ila "sijui" ya Tobias hakuwa na mahali pa kuiweka. Kabla ya Krismasi Tobias alioa msichana wa Umoja. Ayuma alisikia kwa Mama Nzisa, ambaye alilia alipokuwa akimwambia.

Mwisho wa Desemba Lorine akafika na likizo yake ndogo, masanduku mawili na harufu nzuri. Mzee alimshika uso kwa mikono miwili hakutaka kuuachilia. Majirani wakajaa sebuleni. Ayuma alipika, akapakua, akasimama karibu na mlango wa jikoni. Alifurahi kumwona dada yake. Huo nao ni ukweli, walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni.

"Na likizo zenu za huko zikoje?" Mama Nzisa akauliza, na nadhani aliuliza kwa makusudi.

Lorine akacheka, kwa kuwa sasa ilikuwa ni kisa tu, mambo yaliyopita. Akasimulia yote. Jinsi anavyoweka sahihi asubuhi katika shule isiyo na mtoto hata mmoja, jinsi anavyokaa chini ya feni mpaka jioni, jinsi anavyomhesabia yule mzee wa kufagia majani miti anayofagia chini yake. Mwezi wa nne hivyo. Oktoba hivyo.

Mwalimu Kweyu alisikiliza kichwa kimeinama. Machozi yakaanza kumtoka.

"Peke yako? Shule nzima?"

"Peke yangu, Baba. Siku nyingine nilikuwa nalia."

"Mtoto wangu! Mtoto wangu ameteswa hivyo, na mimi niko hapa sijui lolote!"

"Lakini, Mwalimu," Mama Nzisa akasema, "si Ayuma alikuambia? Mbele ya wageni, si alikuambia?"

Mzee akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Ayuma husema mambo mengi."

Lorine akageuka. "Wageni gani? Ayu, si nilifikiri nitawakuta wakwe? Tobias yuko wapi?"

"Hao?" mzee akasema. "Watu wasio na subira. Walishindwa hata kukungoja wewe."

Ayuma aliuona uso wa dada yake ukibadilika, akajua kwamba ameelewa, kuanzia ile simu iliyokatwa mpaka lile jibu la neno moja. Akangoja. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akangoja kitu. Lorine akamtazama mzee aliyekuwa analia kwa furaha, akafungua kinywa, akakifunga.

"Pole, Ayu," akasema kwa sauti ndogo.

"Pole ya nini?" mzee akauliza. "Amefiwa? Ayuma, mtilie dada yako maji ya kuoga, ametoka safari."

Ayuma akaenda. Alisimama jikoni akingoja maji yachemke, akimsikia baba yake akianza kumsimulia upya Mama Nzisa habari za shule tupu ya Thailand, kwa mshangao mkubwa, kama jambo ambalo hajawahi kuambiwa na mtu yeyote.