Mtoto wa mrina asali kakimbia nyuki

Leo mie, mtoto wa mrina asali wa Sikonge, nimekimbia nyuki huku Tegeta.

Chekeni kwanza, halafu msome.

Tuko saiti. Nyuki wakaja kundi zima, wakatua kwenye ngazi. Fundi Shabani yuko juu ya zege na hana njia nyingine ya kushuka.

Akasema taratibu, "Jamani, msiwaguse. Tufikirie kwanza."

Mie nikaona anachelewa. Nikawamwagia ndoo ya maji.

Basi.

Nilikimbia hadi barabarani na ndala moja. Nyuma namsikia fundi, "Nani kamwaga? Nani huyo?"

Aliyemwokoa ni mama lishe wetu. Alijaza majani mabichi kwenye jiko lake la mkaa, akalisogeza polepole chini ya ngazi. Moshi ukapanda. Nyuki wakatulia, kisha wakahama wenyewe.

Sasa ule moshi, ulinifuata hadi barabarani. Ulinuka kama shati la baba akitoka porini. Alikuwa akiniambia, "Kwa nyuki unaingia kama unaingia ukweni. Polepole, na kwa adabu."

Baba hayupo tena. Na mie nimesimama barabarani na ndala moja.

Fundi kashuka, jicho limeziba. "Wewe si unasema kwenu ndiko kwenye asali?"

"Fundi, mie nilikuwa mlaji tu."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Nimefika geto, shati langu bado linanuka ule moshi. Nimelitundika, silifui.

Nyie mlio mbali na kwenu, ni harufu gani inawarudisha?