Mpaka Rangi wa Duka la Katuni

Jirani yangu Fortunata aliniambia, "Mwenzangu, yule Mmombasa wa duka la katuni anafuga majini. Rafu nzima visanamu!" Nikaenda kujionea, mwanangu mgongoni. Kumbe ni askari na wachawi wa kuchezea mezani, wadogo kama kidole gumba, na yeye ndiye huwapaka rangi. Siku hizi huingia humo nikisubiri basi, na hajawahi kuniuliza nanunua nini. Huchovya brashi, huifuta rangi iliyozidi kwenye ukucha wake, hubana pumzi, na uso wa mtu unatokea. Wateja wakimharakisha huwajibu bila kuinua kichwa, "Mwenye haraka akacheze karata."

Jana nilimkuta amekasirika. Mteja aliagiza kisanamu cha mama anayekimbia vita na mtoto mgongoni, na alikuwa njiani kukichukua. Mmombasa alikuwa ameifinyanga mbeleko kwa udongo laini, akaikwangua, akaifinyanga tena. "Kila nikimtazama huyu mtoto, naona ataanguka," alisema. Halafu akanitazama mimi, mwanangu amelala mgongoni. Akanisogezea kiti karibu na taa, akasema kwa haya, "Dadangu, najua amelala. Lakini nakuomba umfungue, umfunge tena polepole, nione fundo linakaa wapi."