Boti imekwenda baharini, Loishiye amebaki Usa River

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Loishiye anajaza pipa maji kwa mpira wa bustani, anatumbukiza mguu wa injini ya boti ndani yake, kisha anavuta kamba. Mara ya tatu injini inakohoa, inashika, na maji yanaanza kutibuka kama sufuria ya makande. Moshi wa buluu unapanda kuelekea kwenye migomba.

Boti yenyewe haipo. Iliondoka mwezi uliopita. Kilichobaki ni injini hii kuukuu ya akiba, iliyofungwa kwenye mbao, na Loishiye huiwasha kila Jumamosi ingawa hakuna aliyemwagiza.

"Ikikaa sana bila kuwashwa inaganda," anasema, akiinama kuhakikisha maji yanatoka kwenye kitundu cha pembeni. "Na mimi nisipoiwasha naona siku haiishi."

Loishiye ana umri wa miaka hamsini na minane. Ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako utoto wake aliumalizia nyuma ya mbuzi. Hajui kuogelea. Bahari hajawahi kuiona. Pamoja na hayo, kwa zaidi ya miaka kumi amekula mshahara wa kutunza boti za watu wanaovua kwa raha zao, katika uwanja wenye ua wa michongoma hapa Usa River, kilomita zaidi ya mia nne kutoka Pangani wanakokwenda kuvua.

Mwenye uwanja ni Mzee Hans, Mchaga wa Machame aliyefanya biashara ya utalii mpaka akachoka nayo. Alipostaafu alianza kununua boti zilizotumika, zile ambazo wenyewe wa Tanga na Dar es Salaam wameshindwa kuzihudumia. Alizipandisha huku juu kwa trela. Mafundi wa Ngarenaro, Arusha mjini, waliziba mabodi ya faiba yaliyopasuka, na Loishiye aliwashikia vifaa mpaka naye akawa fundi.

"Watu walitucheka," anakumbuka Mzee Hans, mwenye miaka sabini na miwili, akiwa ameegemea kiti chake cha plastiki. "Wakasema Mchaga amekosa pa kuweka hela. Nikawaambia huku hakuna chumvi ya kula vyuma. Na mimi sina haraka, samaki hawahami."

Kwa kweli hana haraka, wala marafiki zake watatu hawakuwa nayo. Walikuwa wakifika Ijumaa mchana kufunga safari ya Pangani, wakamkuta Loishiye amekwisha kagua matairi ya trela, amepakia fimbo za kuvulia, ameweka na barafu. Kisha mmoja angesema wachome kwanza nyama kidogo. Nyama ingechomwa. Wangepanda kwenye boti, papo hapo juu ya trela, wakakalia viti vya kuvulia na kofia zao kichwani, wakasimuliana habari za nduaro, samaki mkubwa wa kilindini, aliyewaponyoka mwaka juzi, ambaye kila mwezi alikuwa anaongezeka urefu. Giza likiingia, safari ingesogezwa wiki ijayo.

"Wale watu hawana presha," anasema Loishiye, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Mimi nilikuwa nafurahi wasipoondoka. Uwanja unachangamka. Wakiondoka, nabaki na mbwa."

Mkewe, Namnyaki, alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao Simaloi ameolewa Babati na hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine, asipokwenda mwenyewe barabarani kununua chai, Loishiye anaweza kulala bila kuongea na mtu.

Wenye boti waliporudi kutoka Pangani walimletea samaki. Walimletea kila safari, jodari mzima akiwa kwenye barafu, wakiamini wamempa zawadi kubwa. Loishiye alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akampelekea jirani yake Agnela, anayepika chakula kando ya barabara ya Moshi. Kwao Oldonyo Sambu samaki si chakula. Mama yake alimwita samaki nyoka wa majini. Loishiye hakuwahi kuwaambia wenye boti.

"Ningewaambia wangeacha kuleta," anaeleza. "Mtu akikuletea kitu maana yake huko alikokuwa alikukumbuka."

Kitu alichokitaka kilikuwa kingine. Alitaka siku moja apande boti hiyo ikiwa majini. Injini anaijua kwa mlio, kila skrubu ya sitaha amewahi kuikaza, ila hajui boti ikielea mtu anasikiaje miguuni. Aliomba mara kadhaa. Jibu la Mzee Hans halikuwa la ubaya hata kidogo: "Safari ijayo, Baba Simaloi. Hii imejaa." Na nani angelinda uwanja?

Mwaka huu magoti ya Mzee Hans yakagoma. Boti nyingine mbili zilikuwa zimeshauzwa, ikabaki moja, ile nyeupe ya futi ishirini na mbili. Akapatikana mnunuzi, kijana wa Tanga anayeitwa Derick. Alikuwa na sharti moja, kwamba aione kwanza ikielea.

Bahari hailetwi Usa River, kwa hiyo wakaomba bwawa la kumwagilia la shamba moja la mboga. Na kwa kuwa Mzee Hans hakuweza tena kupanda, ilibidi Loishiye awe ndani ya boti, amwonyeshe mnunuzi injini.

Asubuhi hiyo alivaa koti analovaa kanisani. Agnela alimwona akipita. "Nilimwuliza, Baba Simaloi, kuna harusi? Akaniambia leo napanda boti. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu amzike mkewe."

Trekta likaisukuma trela majini. Boti ikaelea. Loishiye anasema alisikia miguu yake ikiwa myepesi, akashika ukingo, akacheka peke yake. Hata injini hawakuwa wameiwasha alipoona viatu vyake vimelowa.

Boti inayokaa nchi kavu huachwa bila kizibo cha chini, ili maji ya mvua yatoke. Loishiye ndiye aliyekitoa kizibo hicho kila mara boti iliporudi, akakitundika ukutani kwenye banda lake. Kukichukua safarini na kukirudisha Pangani ilikuwa kazi ya wenye boti, naye hakuwahi kuwepo. Mazoea yana taabu. Siku ya bwawa kizibo kilibaki kwenye msumari.

Trekta likaivuta kabla haijazama. Mzee Hans alicheka mpaka akafuta machozi, na Derick naye akacheka, akasema boti haina tatizo, ameipenda. Wakapeana mikono. Maji yalipomalizika kutoka, jua lilikuwa limekwenda na mnunuzi alikuwa na safari. Hakuna aliyefikiria kuirudisha majini.

"Hawakunigombeza," anasema Loishiye. "Afadhali wangenigombeza. Mimi nilikuwa nalia, wao wakadhani ni maji."

Boti ilipofungwa nyuma ya gari, Derick alimpa mkono wa kuaga, akamwambia: "Mzee wangu, njoo Tanga, nitakupeleka mwenyewe mpaka kilindini." Hiyo ndiyo ahadi anayoishi nayo sasa.

Wiki iliyopita aliomba likizo ya kwenda Tanga, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Mzee Hans alimpa nauli bila kuombwa. "Nenda tu, Baba Simaloi," alimwambia kwa upole. "Wala usiwe na haraka ya kurudi." Alimaanisha wema. Loishiye anasema usiku huo hakupata usingizi, kwa sababu hakuwahi kuambiwa hivyo wakati uwanja ulipokuwa na boti.

Anazima injini. Agnela, aliyekuja na chupa ya chai, anamwuliza kama ameshampigia Derick kumwambia anakwenda Jumatatu.

"Sijampigia, na sipigi," anajibu. "Watu wa boti nimewazoea. Si waongo, ila wiki yao ijayo haifiki. Nikimpigia ataniambia wiki ijayo. Nikiwa nimesimama mlangoni kwake na begi langu, ataniambia nini? Ataniambia karibu."