Vidonge Sikuviacha

Nilianza kumeza dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure huku kwetu, mume wangu akiwa ameshazikwa kwao Mbwera, visiwani. Yeye alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi akawa anawakusanyia matajiri wa Dar es Salaam, leo yuko visiwani, kesho yuko mjini na matenga ya barafu. Mimi nilikuwa Kibiti na meza yangu ya mitumba kando ya barabara kuu.

Mwanzoni dawa zilininyanyua. Nilirudi kwenye meza yangu, nikabeba mizigo mwenyewe. Baadaye nyayo zikaanza kuwaka moto kama nimekanyaga majivu. Mashavu yakabonyea, mishipa ya mikono ikachomoza. Wateja wakawa wananitazama usoni kabla ya kutazama nguo.

Habari zilifika Mbwera. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akapanda boti ya mashine akaja. Hata chai hakunywa.

"Wifi, hizo dawa zinakumaliza," alisema. "Dawa gani inamezwa kila siku mpaka mtu anakufa? Hata panadoli ukiizidisha inaharibu ini."

"Nikiziacha, nitaishi?"

"Kuna mtu Maparoni anatoa dawa ya mizizi. Sharti lake ni moja tu, vidonge uvitupe mtoni kwanza."

"Kwa nini nivitupe? Dawa yake haiwezi kukaa na nyingine?"

Akakunja uso. "Usinijibu hivyo. Mimi nimemzika ndugu yangu."

"Na mimi nimemzika mume, wifi. Yeye hakuwa na kidonge hata kimoja cha kutupa."

Kesho yake akarudi kwake bila mimi. Lakini hakuwa mjinga. Alichokiona yeye nami nilikiona kwenye kioo kila asubuhi, na swali lake lilikuwa la haki: nitameza kitu hiki mpaka uzee, je, kinanifanya nini ndani?

Nikalipeleka swali hilo kliniki nilikokuwa nachukulia dawa. Daktari alinisikiliza huku anaandika.

"Hayo ni maudhi madogo madogo ya dawa, mama. Vumilia. Afadhali miguu iume kuliko kufa."

"Sikuja kuchagua kati ya hayo mawili," nikamwambia. "Nimekuja kuuliza ni dawa ipi inayonichoma, na kama ini na figo zangu ziko salama."

"Watu ni wengi nje."

"Nimewaona. Na wao wana miguu."

Nikavua kandambili, nikanyoosha mguu mbele yake. Akachukua pamba akanigusa vidole, mimi nimefumba macho. Akaniuliza kama nasikia. Sikujua hata kwamba ameshaanza kunigusa.

Hapo akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ndani ya kile kidonge mlikuwa na dawa tatu, na mojawapo ilijulikana kuumiza mishipa ya fahamu na kukausha mafuta ya mwili kwa baadhi ya watu. Mbadala wake upo, ila lazima damu ipimwe kwanza, kwa sababu kila dawa ina mahali pake pa kuangaliwa.

"Ulipaswa kuambiwa mapema," alisema. "Ila usikatishe hata siku moja wakati tunasubiri majibu. Ukiacha ovyo, virusi vinaizoea dawa."

Kabla majibu hayajarudi Ramadhani ikaingia, na binti wa wifi alikuwa anaozwa baada ya Idi. Nikaenda Mbwera kusaidia. Nilikuwa nameza kidonge wakati wa daku na kingine wakati wa kufuturu. Siku ya kwanza wanawake tulikaa mkekani, adhana ikasikika, tende zikazunguka. Wengine huenda msalani na dawa zao. Mimi nilitoa kopo langu mbele ya wote, nikaweka kidonge mdomoni.

Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Mambo mengine ni ya kusitiri."

"Nimesitiri uchi wangu, bibi. Hii ni dawa."

Nilidhani wifi ataondoka kwa aibu. Akasogeza jagi la maji upande wangu, akaendelea kumimina uji.

Majibu yalikuja: ini zima, figo nzima. Nikabadilishiwa dawa. Moto wa nyayo ulipoa polepole, mpaka nikaweza kusimama mezani kutwa. Mashavu hayakurudi kama zamani, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekufa ganzi hadi leo. Sikuyafurahia hayo, na simwambii mtu kwamba dawa haina madhara yake. Nawaambia tu waulize, na wasitupe.

Wifi hajawahi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Akija Kibiti huanza na, "Figo wamesemaje?" Namjibu, kisha ndipo tunasalimiana.

Kliniki nako kila nikipimwa nataka nisomewe majibu, moja baada ya jingine. Kuna muuguzi mmoja akiniona huvuta pumzi. Nami navuta kiti.